Mwenzi wa Mheshimiwa

9 Januari

Mdogo wangu,

Salamu zikufikie huko kwenye mazulia. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na yule dada mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, na kila nikipiga ananiambia mheshimiwa yuko kikaoni. Hata Jumapili? Juzi nilimwambia, mwambie dada yake amepiga. Akaniuliza, "Dada yake wa wapi?" Nilikata simu nikacheka peke yangu, halafu nikaona mbona hata haichekeshi. Barua angalau itakaa mezani ikikutazama.

Huku tunaendelea. Januari yangu unaijua, ni sare za shule. Watoto wa mji mzima wamerefuka likizo hii, na wazazi wao wote wamekumbuka siku moja. Nashona kaptula mpaka nikifumba macho naona bluu. Shemeji yako anakohoa kidogo, na bado anabishana na redio kana kwamba itamjibu. Fundi Saa wa kibanda cha jirani anakusalimu, anasema ile saa uliyomwachia wakati wa kampeni imepona zamani, ni wewe tu hujaifuata.

Sasa Mama. Ile nyonga aliyovunja Novemba alipoteleza bafuni, tuliambiwa itaunga. Imeunga, lakini upande. Daktari wa hapa, yule kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, aliniita nje ya mlango akaniambia taratibu kwamba ikiachwa hivi, Mama hatatembea tena. Huko kwenu hospitali kuu wanaweza kuifungua na kuitengeneza, ila afike kabla Machi haijaisha. Baada ya hapo mfupa utakuwa umeshakomaa ulivyo.

Shida ni kumfikisha. Mguu haukunjiki. Basi ni kutwa nzima na usiku wake. Nilikwenda uwanja wa ndege kuuliza, wakaniambia viti vya kawaida hataviweza, mgonjwa wa namna hiyo akae viti vya mbele, ambako mtu ananyoosha mguu. Bei wakaniandikia kwenye karatasi. Niliisoma, nikawarudishia karatasi yao.

Halafu shemeji yako akasikia redioni kwamba kila mbunge anapanda viti vya mbele bure, yeye na mwenzi wake. Na kwamba hakuna mahali palipoandikwa mwenzi ni nani. Kuna anayesafiri na mpwa wake, kuna anayesafiri na rafiki yake wa kucheza karata. Wewe mkeo, Mungu amrehemu, huu ni mwaka wa nne hayupo. Hicho kiti chako cha pili hakina mtu. Mama si mwenzi wako? Wewe alikubeba miezi tisa bila tiketi.

Najua ulichosema kwenye kampeni, nilikuwepo. Ulipanda juu ya meza ya muuza viatu, ukasema, "Mkinichagua nitakaa kiti cha nyuma pamoja na ninyi." Zile kelele nazisikia mpaka leo. Hapa mjini hakuna anayekuita mheshimiwa, unaitwa Kiti cha Nyuma, na anayelipenda jina hilo kuliko wote ni Mama. La mheshimiwa amelikataa katakata. Anasema hawezi kumwita mheshimiwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemfunga nepi. Wageni wakiondoka anakuita Kitinda, kama zamani, kwa vile wewe ndiye uliyefunga uzazi wake.

Sikuombi uvunje ahadi yako. Kaa nyuma ukitaka. Nakuomba hicho kiti cha pili tu.

Dada yako


2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa mapokezi wiki mbili kwa sababu haikuwa na muhuri wa ofisi yoyote, wakadhani ni ya mtu wa kuomba. Yule msaidizi nimemkanya. Sasa anajua dada ni wa wapi.

Niko salama, ila nimechoka, dada. Chumba nilichopewa cha ofisi tunakaa watatu, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, na kila asubuhi nje ya mlango kuna watu wamejipanga. Kila wiki safari, nenda, rudi, mkutano hapa, semina pale. Mgongo unaniuma. Msalimie sana shemeji, mwambie asiache kubishana na redio, siku nyingine ninayesema humo ni mimi.

La Mama limeniumiza. Nimelisoma mara nyingi. Lakini hebu nielewe mdogo wako. Nimepeleka hoja bungeni kwamba wabunge wote tukae viti vya kawaida, na hayo mambo ya wenzi yafutwe kabisa. Dada, hela inayotoka kwa ajili ya viti hivyo ni ya zahanati zisizo na glavu. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Sasa nimpandishe mama yangu mbele kwa hela hiyo hiyo? Humu ndani wenzangu wananinunia, wanasubiri niteleze tu. Nikimleta Mama leo, kesho gazeti litaandika: Kiti cha Nyuma amweka mamake mbele. Na hoja imekufa.

Nitalipa mwenyewe, kutoka mfukoni mwangu, kama mtoto yeyote. Sasa hivi mkopo wa kampeni unakula mshahara kabla sijauona, lakini mwisho wa mwezi huu nitapumua. Wewe mwandae tu Mama. Mwambie Kitinda wake hajamsahau.

Usininunie, dada. Huku kila ninayekutana naye ana kisima, ana kijana asiye na kazi, ana shamba lililoporwa. Nasikiliza, naandika, naitikia. Hata usingizi nimesahau ukoje.

Mdogo wako


14 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na ndoo ya kiyoyozi.

Nilimsomea Mama barua yako, zile sehemu za kusomeka. Nikategemea atanuna. Wapi! Alipiga kitanda kwa kiganja akasema, "Hapo amesema." Anasema kama wewe ungekuwa mtu wa kumchukulia mama yako vya watu, basi yeye alilea bure. Tangu siku hiyo kila anayekuja kumjulia hali anahadithiwa. Mwanangu anakaa nyuma, mwanangu amewaambia wote wakae nyuma. Jirani wa duka la vifaa ameisikia mara tatu na bado anaitikia, maskini, kwa adabu.

Kitanda chake nimekihamishia chumba cha cherehani ili nimwone nikiwa nafanya kazi. Analala karibu na dirisha, ananishikia uzi, ananikosoa pindo. Mchana ni mcheshi. Akigeuzwa ubavu ndipo unajua. Anang'ata ile khanga yake ya zambarau asitoe sauti, mimi namgeuza na kuzungumza habari za vifungo, na sote wawili tunajifanya tunazungumza habari za vifungo. Zamani alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Leo nitatoka nje?" Wiki hii hajauliza.

Wewe una hoja ya bunge, na ni nzuri, sibishi. Mimi ninaye mtu wa kumgeuza. Kijana wa kalamu tatu amenikumbusha tena, Machi, mama, Machi. Nilimwitikia kama unavyowaitikia watu wako huko.

Barua hii anakuletea Fundi Saa mwenyewe. Binti yake amemkatia tiketi ya ndege akamtembelee, safari yake ya kwanza ya angani, amenyoa ndevu na amenunua soksi. Anaondoka wiki ijayo, atakaa siku kadhaa huko. Atafika ofisini kwako. Mpokee vizuri, pokea saa yako anayokurudishia, na mpe tarehe aniletee. Sitaki maelezo mdogo wangu, nataka tarehe.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Fundi Saa alikuja nikiwa sipo, akaacha barua na saa kwa msaidizi. Mshukuru sana. Saa inakwenda vizuri.

Umesikia redioni? Hoja yangu imepita. Yaani kipande kimepita. Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu redio haitakueleza.

La viti vya mbele walilikataa. Walisimama mmoja baada ya mwingine. Huyu akasema ni usalama, huyu akasema ni heshima ya ofisi, mmoja akasema mbunge aliyechoka ni hasara kwa taifa, na watu wakapiga meza. Nilipoona linazama nikasema basi angalau tusafishe hili la mwenzi. Nikaandika maneno mwenyewe, pale pale, kwenye goti: mwenzi maana yake ni mume au mke wa ndoa wa mbunge, na si mtu mwingine yeyote. Hilo wakalipitisha kwa sauti moja, dada. Wakanipigia makofi. Walioninunia mwaka mzima wakaja kunishika mkono. Viti vyao wamebaki navyo wote, wamepunguza wapwa tu.

Kwa hiyo sasa hata ningetaka kumchukua Mama, siwezi. Kanuni imeshafunga, na iliandikwa kwa mkono wangu. Nilikaa pale nikasikiliza makofi, nikamkumbuka yeye.

Fedha yangu bado haijakaa sawa. Benki wamekata tena mwezi huu. Nipe mpaka katikati ya Aprili, nakuomba. Zungumza na yule daktari, wiki mbili tatu haziwezi kuharibu kila kitu.

Nilitaka sana kuja nyumbani mwezi huu nimwone, lakini ratiba haikuruhusu.

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu za leo haziendi mbali. Niko mitaa michache kutoka hapo ulipo, nimekaa kwenye benchi la wodi ya mifupa, na barua hii atakuletea mlinzi wa zamu ambaye anapita bungeni akienda kwake. Usimlaumu msaidizi wako, sikupiga simu.

Tumekuja na basi. Aprili yako sikuweza kuisubiri. Shemeji yako, Fundi Saa na jirani wa duka la vifaa walichanga wakanunua kile kiti kirefu cha nyuma kabisa, chote, mpaka dirishani. Tukatandika godoro. Mama akalala, kichwa mapajani kwangu, mguu kwenye mito. Kiti cha nyuma cha basi unakijua, ndicho kinachorushwa kuliko vyote. Kila tuta nililiona kabla halijafika nikamkumbatia. Na yeye, unajua alifanya nini? Alicheka. Kondakta alipokuja kukagua alimwambia, "Mwanangu ni mbunge, naye hukaa nyuma hivi hivi. Tumekaa kiukoo." Kondakta akampa mto wake mwenyewe. Baada ya usiku kuingia hakucheka tena, alikuwa ameuma khanga.

Leo wamempima. Daktari wa hapa ni mwanamke wa makamo, hana haraka, alikaa kitandani akamshika Mama mkono. Mfupa umeshakomaa. Kuufungua kwa umri wake sasa ni hatari kuliko faida. Watampunguzia maumivu, watampa kiti cha magurudumu, watamfundisha kukaa. Kutembea, basi. Kwenye korido aliniambia, "Mngekuja Februari." Hakusema kwa ubaya. Mama amepokea vizuri kuliko mimi. Mimi nimetoka nje nimelia karibu na mapipa ya taka, na sasa nimerudi kwenye benchi.

Kuna jambo nimelikalia mwezi mzima. Fundi Saa aliporudi na ndege, ile wiki ya kwanza ya Machi, nawe ulikuwemo. Alisikia wahudumu wakikutaja wakati wa kupanda. Alifurahi, akapita viti vya mbele upesi upesi akienda nyuma kukutafuta, asimkose Kiti cha Nyuma wake. Akatafuta safu zote. Aliporudi mbele kumuuliza mhudumu ndipo akakuona, viatu umevua, kitambaa umejifunika machoni. Akakusalimu. Ukageukia dirishani. Aliponisimulia alikuwa ameinamia saa ya mtu na hakuinua uso. Akasema, labda hakunisikia. Fundi Saa ni mtu mwema.

Akaniambia pia kwamba kiti cha pembeni yako kilikuwa kitupu. Kilikuwa na koti lako.

Na ndege ile ilitua kule kwetu. Ukapanda gari ukaenda semina mji wa pili, ukapita barabara ile ile inayopita nyumbani. Halafu ukaniandikia habari za ratiba.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nilisema nikimwaibisha, atakasirika, na Mama atakosa hata hicho kidogo kinachokuja. Sasa hakuna kinachokuja, kwa hiyo nasema. Hukuwa na mke wa kumkalisha pale, hukuwa na mpwa, na kanuni yako ilikuwa haijapita bado. Ulikuwa umeshakaa mbele! Ulimnyima Mama kiti kwa ajili ya ahadi, na ahadi yenyewe ulikuwa umeshaivunja. Koti lako ndilo lililokaa pale ambapo angenyoosha mguu. Nimekasirika mdogo wangu, na nimechoka sana, na sijui kipi kimezidi.

Mama hajui. Anaamini ulimkatalia kwa sababu unakaa nyuma, na imani hiyo ndiyo aliyokuja nayo kwenye basi. Njoo umwone. Usije na mpiga picha.

Dada yako


6 Aprili, jioni

Dada,

Nimeipata. Nakuja sasa hivi, kwa miguu. Nakuomba kitu kimoja tu, usimwambie.


17 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeshapumzika na safari. Shemeji ameupanua ule mlango wa chumba cha cherehani? Nilimwambia anipigie nimtumie fundi, akasema fundi ni yeye.

Ninakushukuru kwa mawili. Kwanza hukumwambia. Pili ulikubali niwalipie viti vya kurudi, viwili, vya mbele, kwa hela yangu mwenyewe. Najua ulitaka kunitupia usoni. Nimeuza gari, si habari kubwa, halikuwa jipya.

Pale wodini sikukueleza neno, nawe hukuniuliza. Nikueleze sasa, ingawa haibadilishi kitu. Mwaka wa kwanza nilikaa nyuma kweli, dada. Kila safari. Nikifunga mkanda tu, mtu ananigeukia. Mzee ananionyesha picha ya mwanawe aliyepotea. Mama mmoja alinilia begani tangu tunapaa mpaka tunatua, habari ya shamba. Kijana ananipa vyeti vyake nimshikie. Nami kila mmoja namwambia, nitalishughulikia. Nilianza kulichukia neno hilo. Nililisema usingizini. Sikuwa nikishughulikia, sikuwa na uwezo hata wa robo, na walikuwa wananiamini. Mgongo haukuwa na tatizo lolote.

Siku moja mhudumu akaniambia, mheshimiwa, kiti chako kipo mbele, hakina mtu, mbona unajitesa? Nikasema siku moja tu. Akavuta pazia. Dada, kule hakuna anayekuomba kitu. Nililala. Safari iliyofuata nikajikuta najua njia. Lile koti nililiweka pale ili mtu asije akakaa.

Kitandani Mama aliniuliza, "Huko nyuma wanakupa dirisha?" Nikamjibu wananipa. Akafurahi. Nimekuwa nikiisikia sauti yake kila siku.

Siku ile ya kurudi mlipokuwa mbele, mimi nilikaa nyuma, nilikuona ukinikagua. Bwana mmoja aliniambia, "Mheshimiwa, umekosea kiti." Nikamwambia sijakosea. Akanitazama weee, halafu akaanza habari za daraja lao. Nikasikiliza mpaka tunatua. Nilichoka, lakini nilijisikia mimi tena, kidogo. Nimeamua sirudi mbele.

Kitu kimoja kinanisumbua. Uwanjani, tulipomshusha, Mama hakuniaga kama kawaida yake. Alinipa mkono. Nadhani ni uchovu na zile dawa. Hakusema kitu? Mwambie Kitinda wake anamsalimu, na atakuja bunge likifungwa.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mlango umepanuliwa, umepinda kidogo, na fundi wake hataki kuambiwa. Kiti cha magurudumu kinapita kikisukumwa kwa nguvu. Asubuhi namtoa Mama mpaka kwenye kibaraza cha Fundi Saa, wanakaa hapo, huyu anafungua saa, huyu ananitengea vifungo kwa ukubwa. Maumivu yamepungua kweli. Sare za muhula mpya zimeshaanza kuletwa, na watoto wamerefuka tena.

Nimeisoma barua yako. Nilipofika pale kwa yule mama aliyekulilia nilikuonea huruma, sikufichi. Ningekuwa mimi, labda nami ningevuta pazia. Na ulipokaa nyuma siku ile nilikuona, na nilifurahi, ingawa sikukuonyesha uso wa furaha.

Unauliza kama Mama alisema kitu. Nimekaa na swali lako wiki mbili. Neno langu nililitunza, si mimi niliyemwambia. Lakini ni haki yako kujua.

Tulipokuwa tumeshapaa, mhudumu mmoja mwenye shingo ndefu alikuja kumwekea Mama mto chini ya mguu. Kijana mzuri, mpole, alitaka kumfurahisha mgonjwa. Akamwambia, "Leo mheshimiwa amekuachia kiti chake, mama. Hapa hapa ndipo anapokaa, hupenda dirisha." Nilimkanyaga mguu yule kijana, hakuelewa, aliomba radhi akidhani ni yeye aliyenikanyaga. Mama akamuuliza, "Siku zote?" Akajibu, "Siku zote, mama. Mtu mpole sana, hatusumbui hata kidogo."

Mama akamshukuru kwa mto. Akatazama dirishani mpaka tukatua. Wewe ulikuwa nyuma kabisa, unasikiliza habari za daraja.

Nyumbani nilipomlaza aliniuliza swali moja, "Ulijua?" Nikasema nilijua. Siku mbili hakunishikia uzi. Ya tatu akanishikia, na halijatajwa tena. Watu wanakuja kumjulia hali kama zamani. Juzi jirani wa duka la vifaa, kwa adabu zake, akamchokoza, "Kiti cha Nyuma wetu hajambo?" akijiandaa kusikia hadithi mara ya nne. Mama akamwomba amsogezee mkasi.

Hana hasira nawe. Ningependa ingekuwa hasira, hiyo ningeweza kukusaidia nayo. Redio ikikutaja hamwambii shemeji yako azime. Anasikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza habari nyingine.

Jana nilipokaa kukuandikia nilimwuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Nilishaiandika tayari kichwani, ile ya kila siku, Kitinda wangu ale ashibe alale mapema. Alikuwa na kifungo mkononi, anakigeuza geuza, akafikiri kidogo.

"Msalimie mheshimiwa," akasema.

Dada yako